Kima cha chini ni bei ya saa 45, si bei ya mwezi mzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Barua yenyewe ni ndefu, unisamehe, maana jambo hili la walinzi na wafanya usafi kutolipwa saa zao za ziada nimekaa nalo moyoni muda mrefu.

Kwa miaka tisa nilikuwa karani wa mishahara katika kampuni moja ya hapa Dar es Salaam inayopeleka watu kwenye ofisi za wengine: walinzi, wafanya usafi, wapokea wageni, matarishi, na mwishoni vijana wa kupokea simu za wateja. Kampuni siitaji. Makarani wa kampuni nyingine tulikuwa tukikutana kwenye foleni za NSSF, na tukikaa kupiga soga kila mmoja alikuwa na habari ile ile. Nikiitaja moja nitakuwa nimezifichia nyingine. Kazi niliacha mwaka jana.

Mwanzoni mwa Mei 2023 alikuja dirishani kwangu mzee mmoja aliyekuwa akilinda usiku kwenye tawi la benki. Wote tulimwita Babu, naye aliniita mwanangu. Hakuja kuomba advansi wala kulalamikia makato. Alitoa ndani ya koti la sare daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akalifungua juu ya kaunta na kulinyoosha kwa kiganja kwa sababu kurasa zilikuwa zimevimba kwa mvua. Alikuwa amepiga mistari kwa rula na penseli. Tarehe. Saa ya kuingia. Saa ya kutoka. Jina la aliyempokea lindo asubuhi. Aprili nzima, usiku 26, hakuna mstari ulioachwa wazi.

"Mwanangu," akasema, "shule yangu mimi ni darasa la saba, lakini nimejumlisha mara tatu na zinatoka 312. Hebu nawe zijumlishe."

Nikajumlisha. Saa 12 mara 26. Kweli, 312.

"Haya, sasa nionyeshe kwenye karatasi yenu hiyo 312 iko wapi."

Haikuwapo. Hati yake ya mshahara ilikuwa na mistari minne tu. Siku za kazi, 26. Mshahara wa msingi, 148,000. Makato ya NSSF, 14,800. Anachopokea, 133,200. Nilimjibu kama nilivyofundishwa kumjibu kila mtu: "Babu, mkataba wako ni wa mwezi, hauhesabiwi kwa saa." Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, lakini pale getini nasimama kwa saa," akalikunja daftari lake, akalirudisha ndani ya koti, akawahi daladala maana saa 12 jioni alitakiwa awe lindoni.

Jibu lile ndilo linalonifanya niandike leo. Nilikuwa nimelitoa mara nyingi mno bila kulifikiria, na siku ile lilinikaa kooni. Watu walipoondoka nilibaki ofisini, nikatoa kabatini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nikaisoma na kikokotoo mkononi.

Kifungu cha 19 kinasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na zote kwa pamoja zisizidi 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni za ziada. Nazo zina ukomo wake, saa 50 katika kila wiki nne, na kila moja inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kifungu kinachofuata kinasema kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ni ya usiku, na kila saa yake inaongezewa asilimia 5. Kazi ya sikukuu ni mara mbili. Mwisho wa sheria hiyo kuna jedwali la kumwezesha hata asiye mhasibu kuijua bei ya saa yake: unachukua saa 45, unazidisha kwa 4.333, unapata saa 195. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa hizo.

Kwa Babu, 148,000 gawanya kwa 195 ni shilingi 759 kwa saa. Ya ziada ni 1,138 na senti. Alifanya 312, ukitoa 195 zinabaki 117. Zidisha, unapata 133,200.

Nikaitazama namba hiyo. Ni ile ile iliyokuwa mstari wa mwisho wa hati yake. Nikafuta kikokotoo nikaanza upya, nikidhani nimebonyeza vibaya, na ikatoka tena 133,200. Baadaye nikaelewa ni kwa nini. Saa 117 za moja na nusu ni sawa na saa 175.5 za kawaida, na hizo ni sehemu tisa kati ya kumi za 195. NSSF nayo inamkata mfanyakazi sehemu moja kati ya kumi na kumwachia tisa. Kwa hiyo mlinzi yeyote anayefanya saa 12 kwa siku 6 bila ovataimu, maadamu mshahara wake haujafikia kiwango cha kukatwa kodi, kiasi chote anachokwenda nacho nyumbani kinalingana na kile anachodai kwa saa za ziada peke yake. Yaani alichopewa ni kimoja, na alichonyimwa ni kingine cha ukubwa ule ule. Hapo sijahesabu usiku, ambao kwake ni kama shilingi 9,900 kwa mwezi, wala sikukuu. Na Aprili 2023 ilijaa sikukuu: Karume na Ijumaa Kuu ziliangukia siku moja, tarehe 7, ikafuata Jumatatu ya Pasaka, ikaja Idi, ukaja Muungano tarehe 26. Kwenye daftari la Babu zote zimeandikwa saa 12 jioni kuingia, saa 12 asubuhi kutoka.

Najua watakaosema kwamba ulinzi ni kazi ya kiaskari, na askari hana saa. Nimeambiwa hivyo na msimamizi wangu, mtu mwema ambaye alistaafu jeshini na aliamini anachokisema. Sheria yenyewe imewataja inaowaacha nje: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mlinzi wa kampuni hayumo. Yeye ni mfanyakazi kama mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kiti, hata akivaa buti na kupigiwa filimbi.

Wengine walikuwa wakinitolea kifungu kinachoruhusu zamu ya saa 12. Kipo, na kinataka makubaliano ya maandishi. Lakini kisome hadi mwisho: saa 12 hizo zinajumlisha muda wa kula, siku zisizidi 5 kwa wiki, saa za kawaida zibaki 45, na ziada isivuke 10 kwa wiki. Saa 72 za wiki ya Babu haziingii humo hata uzikunje namna gani. Na hiyo saa moja ya kula? Sheria inasema mwajiri halazimiki kuilipia, isipokuwa mfanyakazi akitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi muda huo. Babu alikuwa akila ugali wake baridi amesimama, mgongo ukutani na macho kwenye mashine ya kutolea fedha. Lindo haliachwi peke yake. Hiyo ni saa ya kazi.

Sasa niwaeleze wasomaji namna saa zinavyopotea, kwa sababu wengi hudhani kuna mtu anazifuta kwa makusudi. Katika ofisi yetu hakuna aliyezifuta. Hazikuwahi kuandikwa kabisa, na mzizi wake uko kwenye ankara.

Nilikuwa natengeneza mishahara na pia nasaidia kuandaa ankara za wateja. Mlinzi anauzwa kwa lindo. Mteja anasema nataka lindo moja la mchana na usiku, kampuni inasema ni kiasi fulani kwa mwezi, yameisha. Mfanya usafi anauzwa kwa mita za mraba na idadi ya vyoo. Kijana wa kupokea simu anauzwa kwa dakika. Na kila mmoja anahesabiwa kazini kwa kipimo kile kile anachouziwa.

Wale vijana wa simu, kompyuta inaandika wameingia saa ngapi kwa sekunde, wamezungumza dakika ngapi, wamekwenda msalani dakika ngapi. Mmoja alikatwa kwa kuchelewa dakika 4 kurudi kutoka chakula. Nilikuwa naipokea ripoti yao imeshajumlishwa hadi desimali, na ovataimu yao ikitokea naiona mwenyewe, sina pa kuificha. Ukuta wa pili, kwenye faili za walinzi, nina daftari la mahudhurio lenye alama ya vema kwa kila siku. Vema moja, siku moja. Mtu aliyekaa saa 12 ana vema moja. Aliyeunganisha zamu kwa sababu mwenzake hakutokea, akakaa saa 24, mara nyingi naye alikuwa na vema moja, akiwa na bahati mbili.

Wafanya usafi ndio waliniumiza zaidi, kwa sababu wao hata vema lilikuwa la kubahatisha. Mama mmoja aliyekuwa akisafisha ghorofa ya tano na ya sita ya jengo la mjini alikuwa anatoka Chanika saa 9 usiku ili saa 11 alfajiri awe ameshika fagio, sakafu zikauke kabla wenye ofisi hawajafika. Saa 4 asubuhi anaambiwa pumzika, ila usiondoke. Hana pa kukaa. Anakaa kwenye ngazi za dharura, juu ya ndoo aliyoigeuza. Saa 9 alasiri anarudia vyoo, saa 11 jioni anaondoka. Mkataba wake uliandikwa saa 7 kwa siku, kwa kuwa zile za katikati alihesabiwa amepumzika. Niliwahi kumuona mikono siku aliyokuja kusaini. Ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka kwa dawa ya choo, nyeupe na laini kama ya mtu aliyekaa kwenye maji siku nzima, na alama ya kidole haikutokea vizuri kwenye karatasi. Tulimrudishia wino mara tatu. Alikuwa akilipwa 150,000.

Wapokea wageni na matarishi hali yao ilikuwa nafuu kidogo, wanafunga na ofisi, sitapoteza nafasi hapo.

Jambo jingine linalohusu viwango. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, ilipanga kima kwa sekta. Mfanyakazi wa taasisi ya fedha ilikuwa 592,000. Mlinzi wa kampuni kubwa au ya kimataifa 222,000, wa kampuni ndogo 148,000, na yetu ilijihesabu ndogo. Babu alilinda mlango wa benki, akaifungulia benki geti, akaambiwa na benki nani apite na nani asipite, lakini kwa kuwa mkataba wake ni wa kampuni ya ulinzi, sekta yake si benki. Sigombani na hilo kwa leo. Nataka tu msomaji aone hesabu hii. Lindo la saa 24 kwa siku 7 ni saa 168 kwa wiki. Ukitaka kila mtu awe ndani ya saa 45 unahitaji walinzi wanne. Wanne mara 148,000 ni 592,000. Ni sawasawa, bila kuzidi wala kupungua, na kima cha chini cha mtu mmoja wa ndani ya ile benki. Kwa bei ya mhudumu mmoja wa dirishani, mlango ungelindwa mwaka mzima kwa mujibu wa sheria.

Lakini mteja wetu alikuwa akilipa 550,000 kwa lindo, kabla ya VAT. Ndani ya hizo kuna walinzi wawili na theluthi moja ya mwenzao anayezunguka kuwapokea ofu, jumla kama 345,000 za mishahara. Kuna mchango wa mwajiri wa NSSF asilimia 10, tozo ya kuendeleza ujuzi asilimia 3.5, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi asilimia 0.5. Kuna sare, redio za upepo, gari la doria na faida. Ukiweka walinzi wanne, mishahara na michango peke yake inafika karibu 675,000. Haiingii kwenye 550,000. Bosi wetu alikuwa akiniambia, na nilimwamini, kwamba akipandisha bei hadi 800,000 kesho asubuhi atakuja mwingine na bei ya 500,000 na lindo litahama. Nimeona hivyo kwenye tenda kwa macho yangu, za watu binafsi na za ofisi za umma pia. Bahasha zinafunguliwa, anachukua wa bei ya chini, na hakuna hata mmoja mezani anayeuliza bei ile inanunua saa ngapi za mtu.

Mbwa tu ndiye aliyekuwa na saa. Tulikuwa na malindo mawili ya mbwa, ghala moja la barabara ya Nyerere na jingine Mbezi. Mkufunzi wa mbwa alikataa katakata mbwa kukaa lindoni usiku kucha. Alisema akichoka pua inakufa na anaweza kumng'ata mwenyeji. Kwa hiyo saa 6 usiku gari lilikuja, likamchukua mbwa wa kwanza na kushusha wa pili. Aliyemshika kamba alibaki yule yule hadi asubuhi. Niliingiza mafuta ya gari hilo kwenye vitabu kila mwezi na sikuwahi kushtuka, mpaka mwaka ule wa daftari la Babu.

Nimewasikia pia walinzi wenyewe wakipinga zamu fupi, na sipendi kuandika kana kwamba hawana neno. Mmoja aliniambia waziwazi: zamu ya saa 8 maana yake nitoke lindoni saa 6 usiku, daladala hakuna, bodaboda wa kunifikisha Gongo la Mboto atakula mshahara wa siku, na njiani nitakabwa. Ana haki. Mwingine alisema saa 12 zinampa mchana wa kulima bustani yake au kuendesha bajaji ya mtu, na akipunguziwa saa atapunguziwa na fedha. Huyo naye namwelewa. Lakini yeyote kati yao hakuniambia anataka siku 6. Walinzi wanne kwenye lindo moja wanaweza kubaki na zamu ya saa 12 na kubadilishana mchana na usiku bila kuvunja sheria: mbili mchana, mbili usiku, nne nyumbani. Hiyo inatoka wastani wa saa 42 kwa wiki. Nauli inapungua, hakuna anayesafiri saa 6 usiku, na yule wa bajaji anapata siku nne mfululizo. Niliichora ratiba hiyo kwenye karatasi nikampelekea bosi. Aliisoma, akasema ni nzuri, akaniuliza nani atailipia.

Mimi najibu: mteja. Ndiye anayenunua saa hizo. Na atalipa pale tu zitakapokuwa zimeandikwa.

Oktoba 2025 Serikali ilitangaza amri mpya, na tangu 1 Januari 2026 kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda, kwa wastani, kutoka 275,060 hadi 358,322. Nilifurahi, nimewapigia simu niliofanya nao kazi, nao wamefurahi. Ila naomba tusisahau kile kikokotoo kilichonionyesha. Ile tisa ya kumi haijali mshahara ni kiasi gani. Mshahara ukipanda na saa zikabaki 72, deni linapanda pamoja nao, kwa kiwango kile kile. Kima cha chini kimewekwa kwa mtu anayefanya kazi saa za kawaida. Anayefanya saa 72 kwa fedha hiyo, bei yake ya saa iko chini ya kima hata kama hati yake inaonyesha namba iliyotangazwa na Waziri.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo na nakiomba kwa wizara inayohusika na kazi. Sheria tayari inataka mshahara uambatane na hati ya maandishi. Hati hiyo iwe na mistari mitatu zaidi: saa za kawaida, saa za ziada, saa za usiku. Iwe lazima, kwa kila kampuni inayopeleka watu kwenye ofisi za wengine. Karani hawezi kuandika "saa za ziada 117, malipo sifuri" na kusaini bila mkono kutetemeka. Nawaambia kwa uzoefu wangu, vema ndilo lililonipa usingizi miaka yote ile. Mlinzi naye akiipokea karatasi hiyo anakuwa na cha kushika. Na kwenye tenda, hasa za ofisi za umma, kila anayeomba aandike lindo moja lina watu wangapi na kila mmoja saa ngapi kwa wiki. Bei isiyotosha kima cha chini na michango kwa saa hizo, ikae kando kabla ya kulinganishwa na nyingine. Maofisa kazi nao wakija kukagua wasiishie kuulizia mikataba na risiti za NSSF. Wafike getini saa 11 alfajiri, wamuulize aliyesimama pale ameingia saa ngapi na jana aliingia saa ngapi.

Haraka ninayoitaka ina sababu. Babu aliachishwa mwaka 2024, tenda ya lile tawi ilipohamia kampuni nyingine. Alikwenda kuulizia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, akaelezwa kwamba madai kama yake yanatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60. Ya muda mrefu zaidi yanahitaji kuombewa kibali kwa sababu za msingi. Miezi yake ya nyuma ilikuwa mingi kuliko siku 60, na sababu aliyokuwa nayo ni kwamba karani alimwambia mkataba wake ni wa mwezi. Karani huyo ni mimi. Alikata tamaa akarudi kwao Kondoa, na kabla hajapanda basi alipita nyumbani kwangu Tabata kuniaga. Hakunilaumu. Mama yangu mzazi, aliyekuwa kaketi barazani, alimpa maji, wakazungumza habari za mvua. Akaniachia madaftari yote, saba, kafunga kwa uzi wa katani.

Ninayo. Yanaanzia Januari 2018, usiku kwa usiku, pamoja na majina ya waliompokea, na baadhi yao bado wako kazini na wanaweza kuulizwa. Ofisa Kazi yeyote anayetaka kuyaona nitampelekea mwenyewe ofisini kwake. Namba yangu ya simu anayo mhariri.

Karani wa zamani wa mishahara,
Tabata, Dar es Salaam
(Jina na anwani vimehifadhiwa)